Barua pepe inakukataa ukiwa kwenye VPN? Fuata mpangilio huu

Wiki haipiti bila mtu kuniwekea simu juu ya kaunta na kusema, “Kaka, imeili yangu imehakiwa.” Nina steshenari ndogo Kirumba, Mwanza, karibu na mwaloni, upepo ukigeuka, harufu ya dagaa inaingia mpaka kwenye printa. Kazi yangu ni kutoa kopi, kuprinti, kujaza maombi ya mkopo na ya ajira mtandaoni. Naichukua simu, na kabla sijauliza lolote natazama mstari wa juu kabisa, pale penye saa na chaji. Mara nyingi kuna alama ndogo ya ufunguo. Huyo hajahakiwa. Kawasha VPN akasahau.

Maswali ni yaleyale, na majibu nimeshayarudia hadi sauti inakauka, ndiyo maana nayaandika hapa. Fuata hatua kama zilivyopangwa, usiruke. Wengi wanaokwama walifanya mambo sahihi yote, ila waliyafanya kinyumenyume: waliwasha kwanza, wakaingia baadaye.

Kinachotokea, kwa ufupi sana

Ukiwa umewasha VPN, data zako haziendi moja kwa moja kutoka mnara wa Kirumba hadi Gmail. Zinapitia kwanza kwenye seva ya kampuni ya VPN, tuseme iko Uholanzi, na Gmail inaiona anwani ya IP (namba inayoonyesha unaingia mtandaoni kutokea wapi) ya Uholanzi. Saa mbili asubuhi ulikuwa Mwanza. Saa mbili na dakika tano uko Amsterdam. Mfumo unafanya kile ambacho wakala wa pesa mwenye akili angefanya akiletewa kadi yako na mtu asiyemjua: unagoma na kuanza kuuliza maswali.

Kuna na hili la pili. Anwani hiyohiyo ya Uholanzi inatumiwa na watu wengi kwa wakati mmoja, na baadhi yao ni matapeli. Ni kama daladala: abiria mmoja akikutwa na bangi kwenye begi, askari anawashusha wote.

Nadharia inatosha.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Simu au kompyuta uliyozoea kuingilia. Ya rafiki haifai, na yangu haifai pia, ingawa wateja hunisihi sana.
- Laini ya simu iliyounganishwa na akaunti, iwe kwenye simu na iwe hewani. Laini iliyokaa muda mrefu bila kutumika hufungwa, na namba inaweza kupewa mtu mwingine. Kaihakikishe leo.
- Bando lako la kawaida. Waifai ya hotelini au ya chuo iache kwa sasa.
- Nywila, yaani paswedi, iliyoandikwa vizuri mahali unapoweza kuisoma. Herufi kubwa na ndogo zina tofauti.
- Barua pepe ya pili ya kurejeshea akaunti, kama uliiweka.
- Karatasi na kalamu. Utaona kazi yake kwenye Hatua ya 7.
- Nusu saa ya utulivu. Usianze saa tano na dakika hamsini usiku wakati dirisha la maombi linafungwa saa sita.

Na jambo la kisheria, nalisema mara moja tu. Tarehe 13 Oktoba 2023 TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, ilitoa tangazo la kuwataka watu na kampuni ambao kazi zao zinahitaji VPN watoe taarifa zake kwao, mwisho ukiwa tarehe 30 Oktoba mwaka huohuo. Kama VPN yako ni ya kazi, hakikisha upande huo umekaa sawa. Mwongozo huu ni wa kuingia kwenye akaunti yako mwenyewe, basi.

Hatua ya 1. Acha kujaribu

Hii ndiyo ngumu kuliko zote. Kila jaribio unalofanya ukiwa bado kwenye VPN linaongeza shaka, hata kama nywila ni sahihi. Ukizidisha, mlango unafungwa kwa saa kadhaa, wakati mwingine siku nzima au zaidi, na hapo hata ukizima VPN hufunguliwi mpaka muda uishe.

Alinijia mwalimu mstaafu kutoka Ukerewe, amevuka na meli ya asubuhi, shati limenyooshwa.

“Shikamoo mwalimu.”

“Marahaba mwanangu. Hii simu inanikataa tangu juzi.”

“Umejaribu mara ngapi?”

“Kumi na moja. Nimeandika.”

Kweli alikuwa ameandika. Akafungua daftari la mistari: nywila kumi na moja zimepangwa kwa wino wa bluu, na mbele ya kila moja ameweka mkasi kwa kalamu nyekundu, kama anasahihisha mtihani wa darasa la saba. Juu ya skrini ya simu, ufunguo ule ule. Mjukuu wake ndiye aliyemwekea VPN likizo iliyopita ili waangalie mpira, likizo ikaisha, mjukuu akarudi shule, VPN ikabaki. Tulipokuja kuifungua ile akaunti, nywila iliyokubali ilikuwa ya kwanza kabisa kwenye orodha. Jibu lilikuwa sahihi tangu mwanzo, akaliwekea mkasi mwenyewe.

Lakini hatukuifungua siku ile. Majaribio kumi na moja yalikuwa yameshafunga mlango. Alilala kwa binti yake Igoma, kesho yake asubuhi akaingia kwa jaribio moja. Kwa hiyo ukishakataliwa mara mbili, weka simu chini.

Hatua ya 2. Zima VPN, izimike kweli

Kuitelezesha programu juu mpaka ipotee kwenye skrini si kuizima, inaendelea chinichini. Fanya hivi:

Kwanza, ifungue programu yenyewe ya VPN na ubonyeze kitufe cha kukata muunganisho. Pili, kwenye Android ingia kwenye mipangilio, sehemu ya mtandao na intaneti, kisha VPN, na ubonyeze alama ya gurudumu pembeni ya jina la programu hiyo. Humo kuna swichi ya kuifanya VPN iwake muda wote, na chini yake nyingine ya kuzuia intaneti isiyopitia VPN. Zima zote mbili. Simu nyingine huweka vitu hivi mahali tofauti kidogo. Andika neno VPN kwenye kisanduku cha kutafutia ndani ya mipangilio, itakupeleka. Kwenye iPhone, zima pia kule ndani ya programu ule mpangilio wa kujiunganisha wenyewe, la sivyo utazima VPN na sekunde mbili baadaye imerudi.

Tatu, chunguza VPN zilizojificha. Watu huapa hawana VPN kumbe wanayo: kiongezi ndani ya Chrome, VPN iliyomo ndani ya kivinjari cha Opera, au ile inayokuja na programu ya kuzuia virusi. Na Opera Mini, ambayo wengi tunaipenda kwa kubana bando, ikiwa kwenye ubanaji mkali wa data hupitisha kurasa kwenye seva zake yenyewe. Kwa zoezi hili tumia Chrome ya kawaida au kivinjari kilichokuja na simu.

Mwisho, washa hali ya ndege, hesabu hadi kumi, izime. Ufunguo ule juu ya skrini usionekane tena.

Hatua ya 3. Hakikisha umerudi nyumbani

Fungua ipinfo.io kwenye kivinjari. Ukurasa utakuonyesha anwani ya IP unayoonekana nayo, pamoja na nchi na mji. Nchi lazima isome Tanzania. Ikisoma nchi nyingine, rudi Hatua ya 2, kuna kitu bado kinawaka.

Mji usikusumbue. Mitandao ya simu mara nyingi huonekana kama iko Dar es Salaam hata ukiwa umekaa juu ya jiwe hapa Mwanza. Mama mmoja anayepeleka dagaa Kongo alikuja amefura kwa sababu akaunti yake ilimwambia ameingia akiwa Dar. “Mimi Dar sijakanyaga tangu mwaka juzi!” Ilikuwa ni simu yake mwenyewe, laini yake mwenyewe, na yeye mwenyewe amekaa mwaloni anahesabu magunia.

Hatua ya 4. Tazama saa ya simu

Inaonekana jambo dogo. Kama akaunti yako inatumia programu ya kuzalisha namba za uthibitisho, zile namba sita zinazobadilika kila sekunde 30, basi zinakokotolewa kwa kutumia saa. Simu ikiwa mbele au nyuma kwa dakika chache, kila namba utakayoweka itakataliwa.

Kijana mmoja anayeandika makala kwa mteja wa nje alihangaika siku mbili, akailaumu VPN, akabadilisha VPN, akalipia nyingine. Tatizo lilikuwa ni saa: alikuwa ameisogeza mbele dakika tano kwa makusudi ili asichelewe daladala. Nenda kwenye mipangilio ya tarehe na saa, washa saa ya kujirekebisha yenyewe kutoka kwenye mtandao. Ya kuwahi daladala tafuta mbinu nyingine.

Hatua ya 5. Ingia kama unavyoingia siku zote

Tumia kivinjari kilekile au programu ileile uliyozoea. Usitumie dirisha la faragha, na usifute historia “ili uanze upya”. Ndani ya historia hiyo kuna kuki, kumbukumbu ndogo zinazoiambia Gmail kwamba kifaa hiki kinafahamika. Ukizifuta umejifanya mgeni kwa mikono yako mwenyewe.

Weka nywila mara moja, polepole. Yatakayofuata yanategemea ulivyojipanga:

Ikikuletea ujumbe kwenye simu nyingine ukiulizwa kama ni wewe, linganisha namba iliyo kwenye skrini zote mbili, kisha kubali.

Ikisema itatuma namba kwa meseji, subiri. Usibonyeze “tuma tena” mara tano kwa pupa; meseji zitakuja zote kwa mpigo, na mara nyingi inayofanya kazi ni ya mwisho tu. Namba hizo usimsomee mtu yeyote, hata akipiga simu akasema ni wa huduma kwa wateja.

Ikikupeleka kwenye kurejesha akaunti, jibu kila swali kadiri unavyoweza, hata nywila ya zamani unayoikumbuka nusunusu. Google wenyewe wanashauri ufanye hivi kwenye kifaa unachokitumia mara kwa mara na mahali unapoingilia kwa kawaida. Kwa hiyo kama barua pepe hiyo uliizoea kuifungua kwenye kompyuta ya ofisini Buzuruga, panda gari uende Buzuruga. Unaweza kuambiwa usubiri saa kadhaa au siku kadhaa. Subiri kweli; kuanzisha ombi jipya kila baada ya lisaa hakukusogezi mbele.

Hatua ya 6. Kagua nani aliingia

Umeingia. Usishangilie bado.

Ukiwa kwenye kompyuta, fungua Gmail ushuke mpaka chini kabisa ya orodha ya barua, upande wa kulia. Kuna maandishi madogo yanayoonyesha shughuli ya mwisho ya akaunti, na kiungo cha maelezo zaidi. Bonyeza. Litafunguka jedwali: namna ya kuingia (kivinjari, simu), nchi, anwani ya IP, saa. Kwenye simu, ingia kwenye akaunti yako ya Google, sehemu ya usalama, utaona vifaa vyote vilivyoingia.

Sasa chukua jedwali hilo ulilinganishe na VPN yako. Kama seva yako ilikuwa Uholanzi na jedwali linaonyesha Uholanzi saa ileile uliyokuwa unatumia simu, huyo ni wewe. Ukiona nchi ambayo hujawahi kuichagua, au kifaa usichokimiliki, kitoe kwenye akaunti na ubadilishe nywila hapohapo.

Hapa ndipo ninapoomba usome polepole. Hatari kubwa ya VPN kwenye barua pepe siyo kukataliwa, ni mazoea. Mtu anapokea onyo la “umeingia kutoka nchi mpya” kila siku, anazoea kulipuuza, na siku mwizi wa kweli akiingia onyo linapita kama mengine. Jiwekee kanuni: onyo likija VPN ikiwa imewaka, linganisha nchi. Likija VPN ikiwa imezimwa, acha unachofanya, hata kama uko kwenye foleni ya kivuko.

Halafu kagua vitu viwili ambavyo watu hawavikumbuki: kwenye mipangilio ya Gmail, sehemu ya kupeleka barua kwa anwani nyingine, na sehemu ya vichujio. Mwizi mwerevu habadilishi nywila yako. Anaweka anwani yake humo, anasoma nakala ya kila barua yako, na wewe unaendelea kutumia akaunti bila wasiwasi.

Hatua ya 7. Weka funguo za akiba

Fanya hivi sasa, ukiwa ndani na VPN ikiwa imezimwa.

1. Hakikisha namba ya simu na barua pepe ya pili ni za kwako na zinafanya kazi.
2. Washa uthibitishaji wa hatua mbili.
3. Ndani yake tafuta namba mbadala. Google hutoa namba 10, kila moja ina tarakimu nane na hutumika mara moja tu. Ziandike kwenye ile karatasi, uzifungie na vyeti vyako. Usizipige picha ukaziacha kwenye simu, maana simu ikiibiwa zimeondoka nayo.
4. Ukiweza, ongeza programu ya kuzalisha namba. Haihitaji bando wala mtandao, na haijali uko nchi gani.

Wenye akaunti za Microsoft, yaani Outlook na Hotmail, mna tahadhari ya peke yenu: ukiondoa taarifa zote za usalama ulizokuwa nazo na kuweka mpya kwa mkupuo, akaunti huingizwa kwenye kipindi cha kusubiri cha siku 30. Badilisha kimoja kimoja, ukiwa bado unacho cha zamani.

Hatua ya 8. Washa VPN tena, kwa seva moja

Usitoke kwenye akaunti. Ukiwa bado umeingia, washa VPN, lakini usibonyeze kile kitufe kinachokuchagulia seva yenye kasi zaidi. Leo kitakupa Ujerumani, kesho Marekani, keshokutwa Singapore, na Gmail itakuona kama mtu anayezunguka dunia bila kulala. Chagua mwenyewe nchi moja, ya karibu kama kampuni yako inayo, kwa mfano Kenya au Afrika Kusini. Kurasa zitafunguka haraka zaidi maana data hazisafiri mbali. Kisha baki hapohapo.

Fungua barua pepe. Mara ya kwanza unaweza kuulizwa kama ni wewe. Kubali. Baada ya siku chache za seva ileile kwenye kifaa kilekile, maswali mara nyingi hupungua.

Hatua ya 9. Toa programu nyeti nje ya VPN

Programu nyingi za VPN kwenye Android zina orodha ya kuchagua ni programu zipi zipitie VPN na zipi zipite njia ya kawaida. Kwenye iPhone kwa kawaida huwezi. Kama unayo, weka nje ya VPN: programu ya benki, ya pesa za simu, na mifumo ya serikali unayotumia kwa kazi au masomo. Mimi barua pepe pia naiweka nje. Muunganisho wa kwenda Gmail umeshasimbwa tayari, yaani data zimefichwa njiani zisisomwe, na kwa mtu wa kawaida usumbufu unazidi faida.

Akaunti za malipo ya kimataifa usizichezee hata kidogo. Ukiingia leo kwa IP ya Tanzania na kesho kwa ya Ufaransa, wanaweza kuishikilia akaunti na pesa zikiwa ndani, na kuanza kukudai kitambulisho na ushahidi wa makazi. Bili ya umeme yenye jina lako, wangapi tunayo?

Makosa ninayoyaona kila mwezi

VPN za bure. Sisemi zote ni mbaya, ila seva zake hujaa watu, na anwani zake ndizo zinazochafuka haraka. Seva zinagharimu pesa, kwa hiyo uliza anayezilipia ni nani. Mwaka 2015 ilibainika kwamba Hola, huduma ya bure iliyokuwa na watumiaji wengi, ilikuwa inauza intaneti ya watumiaji wake kwa wateja wengine. Yaani mtu wa mbali alikuwa anapita kwenye IP yako, na akifanya uchafu alama zinabaki mlangoni kwako.

Kufungua akaunti mpya ukiwa kwenye VPN. Namba inaanza na +255, IP ni ya Ujerumani, kifaa hakijulikani. Akaunti hiyo inazaliwa na shaka. Ifungue VPN ikiwa imezimwa, itumie wiki mbili hivi, ndipo uanze mengine.

Kubadilisha nywila, namba ya simu na barua pepe ya pili ndani ya dakika kumi, VPN ikiwa imewaka. Hivyo ndivyo hasa mwizi anavyofanya akishaingia.

Kumpa fundi nywila akuingilie kwenye simu yake. Umeongeza kifaa kigeni juu ya nchi ngeni. Na fundi sasa ana nywila yako.

Kubonyeza kiungo kwenye barua inayosema akaunti yako itafungwa leo. Andika anwani ya tovuti mwenyewe kwenye kivinjari.

Kama bado inagoma

*Nimezima VPN, sasa hakuna intaneti kabisa.* Ni ile swichi ya kuzuia intaneti isiyopitia VPN, rudi Hatua ya 2. Ikiwa imezimwa na bado, tafuta DNS ya faragha (Private DNS) kwenye mipangilio ya mtandao, uirudishe kwenye hali ya kujiendesha yenyewe. Baadhi ya watu huwekewa ya kuzuia matangazo wakasahau. Mwisho kabisa, ifute programu ya VPN na uzime simu uiwashe.

*Kwenye kivinjari naingia, lakini programu ya barua kwenye kompyuta inapokea tu, haitumi.* VPN nyingi hufunga mlango (port) namba 25 kuzuia barua taka. Kwa Gmail, kupokea kunatumia imap.gmail.com mlango 993, na kutuma ni smtp.gmail.com mlango 465 au 587. Kama programu ni ya zamani na inakataa nywila sahihi, tengeneza nywila ya programu kwenye akaunti ya Google, ni herufi 16, na inapatikana tu ukiwa umeshawasha hatua mbili.

*Kila nikitafuta kitu naambiwa nichague picha zenye taa za barabarani, nikimaliza zinakuja nyingine.* Anwani ya seva hiyo imechafuka. Badilisha seva ndani ya nchi ileile, usibadilishe nchi.

*Maandishi yanafunguka ila kiambatisho hakipandi, kinafika nusu kinakufa.* Mara nyingi ni namna VPN inavyofunga vifurushi vya data kwenye mtandao wa simu. Ndani ya mipangilio ya VPN badilisha itifaki, yaani njia VPN inayotumia kusafirisha data: kama iko OpenVPN jaribu WireGuard, au OpenVPN ya UDP uigeuze TCP. Ukiwa na haraka ya CV, zima VPN, tuma, washa tena.

*Kurasa zimegeuka Kijerumani.* Hakuna aliyekuhaki. Tovuti inafuata nchi ya IP. Chagua lugha ndani ya akaunti yako, itakaa.

*VPN ni ya ofisi, siruhusiwi kuizima.* Usiizime. Barua pepe yako binafsi ifungulie kwenye simu yako kwa bando lako, na mwenye tatizo la akaunti ya kazi amwone mkuu wa TEHAMA.

*Nimezima kila kitu, nchi inasoma Tanzania, bado kurasa zinasuasua.* Uliza majirani. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, intaneti ikayumba Afrika Mashariki nzima, na siku hiyo nilipokea wateja wanne waliokuwa tayari wameshafuta VPN zao na nywila zao zote. Kama jirani mwenye mtandao mwingine naye analalamika, nenda kanywe chai.

*Namba ya simu iliyoko kwenye akaunti imepotea.* Laini kwanza, akaunti baadaye. Nenda kwenye duka la kampuni yako ya simu na namba yako ya NIDA, uweke kidole, wairudishe namba kwenye laini mpya. Ukitoka pale ijaribu: mwambie mtu akutumie meseji, uione imefika. Hapo ndipo unarudi Hatua ya 5, na ule ufunguo juu ya skrini usiwepo.